Gari Likikwama Mchangani: Kwa Nini Huharibika, na Nani Hulipa Gharama



Katika vikao vyetu na kamati za parokia, na katika barua tunazopokea kutoka kwa wafadhili, kuna swali moja linalorudi kila mwaka: "Gari mlipewa, na bado ni zima. Kwa nini mnaomba tena fedha za gari?" Ni swali la haki. Anayetoa mchango wake, awe mkulima wa korosho wa Maneromango au muumini aliyeko ng'ambo, anastahili kujua fedha yake inakwenda wapi. Katika toleo hili tumeona ni vema tulijibu kwa kirefu. Tutaeleza jinsi gari linavyoharibika katika barabara za mchanga za Kibaha na Kisarawe, jinsi ya kulinusuru, na pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

SIKU TULIYOKWAMA

Mwezi Septemba 2022 tulitoka Kibaha kwenda kusini mwa Wilaya ya Kisarawe. Ndani ya gari tulikuwa watu 4, mmoja wetu akiwa fundi wa visima. Tulibeba vipuri vya pampu ya mkono: fito za chuma zenye urefu wa mita 3 kila moja, mipira na bolti. Pampu ya kijiji kimoja ilikuwa imekufa, na akina mama walikuwa wamerudi kuchota maji katika dimbwi la bondeni linalotumiwa pia na mifugo. Tulikuwa tumeahidi kufika saa 5 asubuhi, lakini kikao cha ofisini kilituchelewesha kuondoka.

Tulipokwisha kupita Maneromango, njia iliingia kwenye mchanga mzito. Dereva wetu alisimama akasema, "Hapa ningepunguza upepo kwenye matairi, lakini pampu ya kurudishia upepo hatuna." Pampu hiyo ilikuwa imeharibika miezi kadhaa kabla. Dereva alikwisha kuandika ombi la kununua nyingine, nasi tulikuwa tumelirudisha ili gharama za uendeshaji zisionekane kubwa katika taarifa ya mwaka. Tulitazama saa, tukamwambia, "Twende tu, utajitahidi."

Hatukufika mita 200. Magurudumu ya nyuma yalizama, na sisi tuliokuwa na haraka tukamhimiza dereva akanyage mafuta. Kadiri alivyokanyaga ndivyo magurudumu yalivyozidi kuchimba, hadi tumbo la gari likalala juu ya mchanga na harufu ya klachi inayoungua ikajaa ndani.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shamba alitukuta hapo. "Shikamoo, mzee," tulimwamkia. "Marahaba, wanangu. Poleni. Mmezama kweli." Alizunguka gari, akainama kutazama chini, kisha akamwambia dereva, "Zima kwanza. Mchanga haushindwi kwa nguvu. Ukizidi kukanyaga unajichimbia." Akaita vijana, nao wakaja na majembe na matawi ya mkorosho. Baada ya saa 2 gari lilikuwa juu ya ardhi ngumu, lakini halikuweza kwenda. Injini iliunguruma, gia iliingia, magurudumu hayakuzunguka. Klachi ilikuwa imekwisha. Jioni ile lori la mkaa lilituvuta kuturudisha Maneromango.

Klachi mpya inapatikana Dar es Salaam siku yoyote ya kazi. Lakini fedha ilibidi iombwe, iidhinishwe na itolewe, kwa sababu hatukuwa tumetenga chochote kwa dharura ya namna hiyo. Fito zile ndefu hatukuthubutu kuzipakia kwenye bodaboda. Siku 9 zilipita kabla pampu ya kijiji haijatengenezwa. Sisi tulilipa klachi. Siku 9 zililipwa na akina mama na watoto waliokuwa wakichota maji dimbwini.

BARABARA ZETU ZILIVYO

Msomaji aliyeko mbali anaweza kushangaa kwamba haya yanatokea karibu na jiji kubwa kuliko yote nchini. Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko takriban kilometa 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, na lami inafika. Mji wa Kisarawe nao unafikiwa kwa lami kupitia Pugu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inapita katika mkoa huu ikielekea Morogoro. Lakini kazi zetu nyingi hazipo kandokando ya lami. Zipo Magindu na Dutumi kwa upande wa Kibaha, na Mzenga, Chole na Vikumburu kwa upande wa Kisarawe. Huko dereva hutumia barabara ya mkoa inayotoka Mlandizi kupitia Mzenga na Maneromango kuelekea Vikumburu, au njia za vijijini zinazochepuka kutoka humo.

Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Zile za wilaya na vijiji zinasimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kazi inafanyika na tunaiona, lakini ardhi yenyewe ni ngumu kuitunza. Kwenye miinuko udongo wetu ni wa kichanga, ule unaopendwa na mikorosho na mihogo. Mabondeni, hasa kuelekea Mto Ruvu, kuna udongo mweusi unaonata. Kwa hiyo hatuna msimu mmoja wa taabu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, gari hunasa kwenye tope la bondeni. Wakati wa kiangazi tope hukauka, lakini mchanga wa miinukoni, ambao mvua huushikamanisha, hulegea na kuwa kama unga. Malori ya mkaa na mbao hupita humo humo na kuacha mifereji miwili mirefu, katikati kukiwa na tuta linaloweza kugusa tumbo la gari dogo.

MCHANGA UNAVYOLIHARIBU GARI

Watu wengi hudhani kwamba gari linapokwama ndipo linapoharibika. Ukweli ni kwamba uharibifu huanza mapema zaidi, kidogo kidogo, na siku ya kukwama ni siku ya kuujua tu. Tumejifunza kuangalia mambo matano.

1. Klachi. Katika mchanga gari huzama na kuhitaji nguvu nyingi ili kusogea. Dereva akiishika klachi nusu huku akikanyaga mafuta, sahani ya klachi husuguana na kupata moto mkali. Klachi ambayo ingedumu kwa miaka inaweza kumalizika kwa dakika chache.

2. Joto la injini. Gari linalokwenda polepole kwa gia nzito hutoa joto jingi na kupata upepo kidogo wa kulipoza. Mbegu za nyasi nazo huziba rejeta kwa mbele. Feni beti ikiwa imelegea, au maji yakiwa yamepungua, injini huchemsha, na ikiachwa iendelee silinda hedi hupinda.

3. Vumbi. Chujio la hewa likiziba, gari hukosa nguvu, hutoa moshi mweusi na kula mafuta mengi. Likichanika ni hatari zaidi, kwa kuwa mchanga mwembamba huingia ndani ya injini na kuisaga.

4. Mtikisiko. Pale ambapo barabara imefanya mikunjo kama bati, kila bolti hutikiswa maelfu ya mara kwa siku. Springi hukatika, bushi hulika, shokapu huvuja na waya za betri hulegea. Ndiyo maana gari "zima" jioni linaweza kukataa kuwaka asubuhi.

5. Matairi. Miiba na visiki huleta pancha, na tairi lililochakaa ubavuni hupasuka. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu.

Ongeza juu ya hayo uzito. Hapa tuseme wazi, kwa upendo, kwamba kamati zetu nazo zinahusika. Gari linatoka na vipuri vya kisima, likifika njiani linaombwa kubeba magunia 3 ya mihogo, mabati ya nyumba ya katekista na watu 6 wanaokwenda msibani. Kila ombi ni la kibinadamu na ni vigumu kulikataa. Lakini springi haijui kwamba mzigo ni wa huruma. Hukatika vilevile.

NAMNA YA KUPITA NA NAMNA YA KUJINASUA

Ujuzi wa kupita mchangani si siri, na umejulikana kwa muda mrefu. Miaka ya 1920 na 1930 afisa wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, alivuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari madogo ya Ford. Yeye na wenzake walipunguza upepo wa matairi, walitandika mabati ya chuma chini ya magurudumu yaliyozama, na walikusanya mvuke wa rejeta kwenye chombo ili maji yasipotee. Mbinu hizo hizo, kwa vifaa vyetu vya kawaida, ndizo tunazotumia Kisarawe leo.

Kwanza, dereva apunguze upepo kabla ya kuingia mchangani. Tairi linalojazwa 35 kwenye lami linaweza kushushwa hadi karibu 20. Hapo tairi hulala na kukanyaga eneo refu zaidi, uzito wa gari hutawanyika, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Asikate kona kali wakati huo, maana tairi laweza kuchomoka kwenye ringi. Akirudi kwenye barabara ngumu ni lazima upepo urudishwe mara moja, kwani tairi laini likienda kasi hupata joto na kupasuka. Ndiyo maana pampu si anasa. Dereva asiye na pampu hawezi kupunguza upepo kwa usalama, kama ilivyomtokea wa kwetu.

Pili, gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne liwekwe katika hali hiyo kabla ya mchanga, si baada ya kuzama. Kwa magari ambayo vifungio vya magurudumu ya mbele hufungwa kwa mkono, dereva ashuke na kuvifunga. Kisha aende kwa mwendo wa wastani usiobadilika, bila kubadilisha gia ovyo. Akitaka kusimama, aliache gari lisimame lenyewe bila breki ya ghafla, na ikiwezekana kwenye mteremko.

Tatu, magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, aondoe mguu papo hapo. Hili ndilo neno la yule mzee. Ajaribu kurudi nyuma polepole katika nyayo zake mwenyewe, kwa kuwa mchanga huo umekwisha kushindiliwa. Ikishindikana, abiria wote washuke na mzigo upunguzwe. Achimbe mchanga ulio mbele ya matairi na ule uliobeba difu na ekseli. Ainue gurudumu kwa jeki iliyowekwa juu ya kipande cha ubao mpana ili jeki nayo isizame, kisha atandike matawi au mbao chini ya tairi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Nne, kama gari litavutwa, kamba ifungwe kwenye chesisi au ndoano iliyowekwa kwa kazi hiyo, si kwenye bampa. Watu wote wakae mbali na kamba. Kamba iliyovutika ikikatika ina nguvu ya kuua.

Tano, injini ikichemsha, dereva asimame na asifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe. Maji yanayotoka humo huunguza vibaya. Pia asimwage maji ya baridi ndani ya injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka. Na asiegeshe gari juu ya nyasi kavu: ekzosi yenye moto imewahi kuteketeza magari.

KABLA YA KUONDOKA

Kazi kubwa hufanyika asubuhi, kabla ya gari kuwashwa. Dereva wetu sasa hupewa dakika 20 za ukaguzi, na hakuna mkubwa wa ofisi anayeruhusiwa kuzikata. Huangalia oili, maji, feni beti, chujio la hewa, nati za magurudumu, springi, waya za betri na upepo wa matairi yote matano. Ndani ya gari hukaa sanduku lenye koleo, jeki na ubao wake, kamba, pampu, vifaa vya pancha, feni beti ya akiba, fyuzi, spana, tochi na maji ya kunywa ya kutosha watu wote hadi kesho yake. Hukaa pia kizimamoto.

Vilevile huachwa ujumbe ofisini: njia tunayopita, kijiji tunachokwenda na saa tunayotazamia kurudi. Zipo sehemu kusini mwa Kisarawe ambako simu haishiki. Tukikwama huko, mtu mmoja mwenye nguvu huenda na mwenyeji kutafuta msaada, na wengine hubaki na gari. Wanakijiji wanaotusaidia tunawashukuru kwa namna ya heshima, na hatuchukulii jasho lao kuwa ni haki yetu.

GARI HALINUNULIWI MARA MOJA

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Gari hununuliwa siku moja kwa sherehe, likabarikiwa na kupigwa picha. Baada ya hapo hununuliwa tena kidogo kidogo kila kilometa linayokwenda: oili, chujio, matairi, bushi, klachi. Watengenezaji wenyewe huagiza katika vitabu vyao kwamba gari linalotembea kwenye vumbi lifanyiwe huduma mapema kuliko lile la lami. Anayetoa gari bila kutoa matunzo yake ametoa nusu ya gari. Na shirika linaloficha gharama hizo ili kuonekana safi, kama tulivyofanya sisi, linazisogeza tu mpaka zimwangukie mtu asiye na sauti katika bajeti.

Si sisi peke yetu tuliojifunza hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Barry Coleman, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Randy Mamola, Mmarekani mwendeshaji wa mbio za pikipiki, walitembelea Somalia. Walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala zimeharibika, ingawa nyingi zingepona kwa matengenezo madogo. Hapakuwa na mtu aliyefundishwa wala fedha iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kutokana na hayo wao pamoja na Andrea Coleman walianzisha shirika la Riders for Health, lililofanya kazi katika nchi kama Zimbabwe, Gambia na Lesotho. Msingi wake ulikuwa rahisi: kipuri hubadilishwa kabla hakijakatika, dereva hukagua chombo chake kila siku, na kila kilometa huwekewa gharama yake mapema.

Tangu mwaka 2023 nasi tumejaribu kufuata njia hiyo kwa kiasi chetu. Tumefanya mambo manne.

Kwanza, tuna Mfuko wa Gari ulio katika hesabu yake peke yake. Kila safari, iwe ya mradi, ya ofisi au ya parokia iliyoazima gari, huuchangia kulingana na kilometa. Fedha hiyo haikopwi kwa shughuli nyingine.

Pili, daftari la gari huandikwa kila siku na husomwa katika kikao cha kamati kila robo mwaka, pamoja na maombi ya dereva ambayo hayajatekelezwa. Ombi lililokaa zaidi ya mwezi mmoja ni lazima lielezwe sababu yake.

Tatu, mzigo na idadi ya abiria vina kikomo kilichoandikwa na kubandikwa ndani ya gari, ili dereva asibaki peke yake katika kukataa.

Nne, dereva ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu njia. Akisema tusimame, tunasimama, awe amepakia nani.

Hatusemi kwamba hatukwami tena. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa na mvua nyingi mno, na gari letu lilinasa mara mbili kwenye tope la bonde. Lakini mara zote mbili lilitoka siku hiyo hiyo, kwa koleo na kamba zilizokuwamo ndani, na kazi iliyokusudiwa ikafanyika. Hicho ndicho kipimo tunachowaomba wafadhili watupime nacho. Msitazame tu kama fungu la matengenezo ni dogo. Tazameni kama pampu ya kijiji ilitengenezwa siku iliyoahidiwa.

Kwa kamati za parokia ombi letu ni moja. Katika kikao chenu kijacho, kabla ya kufunga, ombeni daftari la gari au la pikipiki mliyonayo lisomwe mbele ya wote. Mwiteni dereva naye akae kikaoni, mumwulize ni kitu gani kidogo anachokihitaji ambacho hajapewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ulikuwa pampu ya upepo.

 Tunamshukuru yule mzee wa kusini mwa Kisarawe na vijana wake, waliotutoa mchangani bila kutuuliza sisi ni nani.